"Get" nne za bosi wangu

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye ofisi moja ya wakala wa forodha, jirani na bandari ya Dar es Salaam. Wiki ya pili tu bosi, Mwingereza mmoja asiyependa maneno mengi, akanitumia ujumbe kwenye simu: "Get the driver to get the papers stamped before he gets to the gate, then get back to me."

Nilikuwa nimetoka kidato cha sita, na kamusi nilikuwa nayo kwenye droo. Kamusi ikasema "get" ni pata. Basi nikaelewa kwamba natakiwa kumpata dereva, nikatoka kwenda kumsaka. Nilimpata saa saba mchana, Tandika, kwa mama lishe, akimalizia wali maharage. Makaratasi yalikuwa ndani ya lori, hayajagongwa muhuri hata mmoja. Na ile "get back to me" nayo niliichukua kama ilivyo: nikarudi, nikasimama mbele ya meza yake, shati limelowa jasho, kumwambia kwamba nimempata. Hakunifokea. Alicheka, na hicho kicheko kiliniuma kuliko kufokewa.

Tangu siku hiyo neno hili sijaliacha lipite hivi hivi. Nimekuja kugundua kwamba wanaokwama kwenye "get" karibu wote hufanya nilichofanya mimi: hutafuta orodha ya maana ili waikariri. Orodha zipo, tena ndefu. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipokihesabu kitenzi "run" walifika maana 645. Sasa nani ana kichwa cha kubeba mzigo huo, kisha aongeze na wa "get" juu yake?

Ninavyoona mimi, "get" ina kazi moja. Inatangaza kwamba kuna kuvuka. Mtu au kitu kilikuwa ng'ambo hii, sasa kiko ng'ambo ile. Hakuwa nacho, sasa anacho. Hakuwa mgonjwa, sasa anaumwa. Hakuwa nyumbani, sasa yuko sebuleni anavua viatu. Amevukia wapi? "Get" haisemi. Hilo inaliachia neno linalofuata. Kwa hiyo ukikutana nayo usiitumbulie macho yenyewe, tazama kinachokuja baada yake.

Tuanze na pale ambapo kamusi yangu haikukosea, yaani pale kinapofuata kitu. "She got a letter", amepata barua. "He got a job", amepata kazi. "They got malaria", wamepata malaria. Lakini hata hapa Kiingereza kinafunga katika fungu moja vitu ambavyo sisi tunavitenganisha. Mtu wa nyumbani kwako akikuuliza "Did you get the bread?" anataka kujua kama umenunua mkate. "Get me a chair" ni niletee kiti. "Did you get my message?" ni kama ujumbe umekufikia, na "Did you get the joke?" ni kama umeelewa utani. Huo wa mwisho hautupi taabu, maana hata sisi tunaulizana "umenipata?" na kujibu "hapo sijakupata".

Tuseme haki, pata yetu nayo ina mambo yake. Mgeni aliyekariri kwamba pata ni "get" atafanyaje akiambiwa kisu hiki kinapata? Akisoma kwamba mkutano ulihudhuriwa na watu wapatao mia mbili? Na "nipatie maji", ambapo wa kupata ni mimi lakini wa kunyanyuka kwenda jikoni ni wewe? Nadhani naye angefika Tandika.

Mambo yanaanza kugeuka pale "get" inapofuatwa na neno la hali: tired, angry, wet, old, fat, rich, drunk, lost. Kiingereza kina maneno haya yamekaa tu kama vyumba, na kina kitenzi kimoja cha kumsukumia mtu ndani ya chumba chochote. Get tired, get angry, get wet, get old, get fat, get rich, get drunk, get lost. Zipange kwa Kiswahili: choka, kasirika, lowa, zeeka, nenepa, tajirika, lewa, potea. Nane kwa nane, na pata haimo hata mara moja. Sisi hatuhitaji kitenzi cha kusukuma kwa sababu kule kuvuka kumeshonewa ndani ya kitenzi chenyewe, na mara nyingi unaweza kukuona mkiani. Tajiri akaongezwa mkia akawa tajirika. Safi ikawa safika, chafu ikawa chafuka. Mkia mwingine, wa zamani, umebaki kwenye maneno machache tu: nene ikazaa nenepa, na ile oga tunayoisikia ndani ya mwoga ikazaa ogopa. Kazi ya "get" kumbe tunayo siku zote, ila imekaa mwishoni mwa neno.

Kuna jambo jingine hapo ambalo wanafunzi wengi huliruka. Kiingereza kikitaka kueleza kuvuka kinatumia "get", kikitaka kueleza hali ya mtu aliyekwisha kuvuka kinabadilisha kitenzi na kutumia "be". "He is getting tired", anachoka. "He is tired", amechoka. Sisi kitenzi hatukigusi, tunabadilisha -na- kuwa -me- basi. Ndiyo maana mtu aliyehamia Dodoma mwezi uliopita anasema naizoea Dodoma, "I am getting used to Dodoma", na wa miaka kumi anasema nimeizoea, "I am used to it". Ukiambiwa "get" na "be" ni kama -na- na -me-, nusu ya safari umemaliza.

Makosa ya kurudi nyuma nayo yapo. Nimesikia kwenye tafsiri za filamu mtu "anapata hasira", na huyo namvumilia, ingawa kasirika ilikuwa imekaa pale pale ikingoja kuitwa. Lakini "alipata kulewa" siivumilii, kwa sababu Kiswahili tayari kina maana yake ya maneno hayo: kwamba aliwahi kulewa, siku moja huko nyuma. Mtafsiri amembebesha mtu historia isiyo yake.

Jirani wa "get tired" ni "get arrested", "get fired", "get robbed", "get paid". Kiingereza kina kauli ya kutendwa ya kawaida, "was arrested", kisha kikajiongezea na hii ya "get". Zinatofautianaje? Ukisikia "They were married" hujui kama unaambiwa walikuwa mume na mke au unaambiwa habari za siku ya ndoa. "They got married" haina utata, ni siku ya ndoa, pilau na vigelegele. "Get" inakulazimisha uone tukio. Tena hupenda matukio yanayomfika mtu, ya heri au ya shari: kupandishwa cheo, kuibiwa, kufukuzwa kazi. Barua iliyoandikwa kwa utulivu ofisini ni "was written". Ukisema "it got written" msikilizaji ananusa kwamba ilikuwa kazi, kulikuwa na vuta nikuvute mpaka ikaandikwa. Na ukipachika neno la kujirejea, "he got himself arrested", lawama inahamia kwa aliyekamatwa. Sisi tungesema alijiponza, au alijitakia.

Hapo ndipo ninapopenda kulinganisha na patwa. Kwa Kiingereza mtu ndiye anayepata habari mbaya. Kwa Kiswahili tunaweza kusema amepata ajali, lakini tunaweza pia kuigeuza: amepatwa na msiba, lililompata halina mfano. Msiba ndio mtendaji, ndio uliotoka kumtafuta mtu ukampata. Nani kampata nani? Kiingereza hakijiulizi.

Sasa turudi bandarini, kwenye get mbili za kwanza za bosi, zile zilizoniponza. "Get the driver to..." Baada ya "get" anafuata mtu, na baada ya mtu linafuata "to". Huu ni muundo wa kumfanya mtu afanye jambo. Yaani dereva havukishwi kutoka Tandika kuja ofisini, anavukishwa kutoka kutotenda kwenda kutenda. "Get the papers stamped": baada ya "get" kinafuata kitu, kisha kitenzi kilichokwisha kutendeka. Huu ni muundo wa kuhakikisha jambo limefanyika, na mkono uliolifanya hautajwi. Miundo yote miwili Kiswahili kinaibeba mkiani tena: cheka, chekesha, la, lisha, gonga, gongesha.

Kiingereza kina njia nyingine za kumfanya mtu atende, na zina ladha tofauti. "Make him do it" ni kumlazimisha. "Have him do it" ni kuagiza, wewe una mamlaka na yeye atatii. "Get him to do it" ina harufu ya kubembeleza, ya kutafuta namna. Bosi wangu alichagua "get", na kwa jinsi nilivyokuja kumjua yule dereva, alichagua vizuri. Angalia pia kwamba "make" na "have" hazitaki "to", "get" inaitaka. Wengi huikosea hapo, kwa kuitupia "make" ile "to" ya "get".

Muundo huu wa kitu kutendwa ndio unaotuumbua kila Jumatatu. Mtu ametoka kinyozi, anaandika "I cut my hair yesterday", kwa kuwa Kiswahili kinaruhusu: nimenyoa, nimekata nywele. Mwingereza akisoma anakuona umesimama mbele ya kioo na mkasi mkononi. Alichotaka kusema ni "I got my hair cut". Vivyo hivyo nimeshona gauni la sendofu, ilhali aliyeshona ni fundi na wewe ulichofanya ni kumsumbua kwa simu. Kiswahili kinamwamini msikilizaji kwamba anajua kuna fundi. Kiingereza hakimwamini, ingawa na chenyewe kina upofu wake: tajiri asiyewahi kushika tofali anasema "I built a house" na hakuna anayemshangaa.

Tena muundo ni ule ule kwa aliyekusudia na aliyeumizwa. "I got my phone repaired", nimetengenezesha simu. "I got my phone stolen", nimeibiwa simu. Sarufi haitofautishi, unatofautisha kwa akili, kwa kuwa hakuna anayepeleka simu yake ikaibiwe.

Kikifuata mahali, "get" ni fika: get home, get to Mwanza, get here. Sisi wa Afrika Mashariki tunapenda "reach". "Have you reached?" ni "umefika?" iliyovishwa koti. Tunaelewana nayo vizuri, na sioni sababu ya kumwonea mtu haya, ila mtu wa London angesema "Did you get home all right?", maana "reach" kwake inataka itajiwe mahali. Kwenye vyombo vya usafiri sisi tuna panda na shuka, tumemaliza. Wao wana get on na get off kwa vile unavyoweza kusimama na kutembea ndani yake, basi, treni, meli, ndege. Na get in na get out of kwa gari dogo, ambamo unaingia umeinama. Bodaboda ni on, kwa sababu unaikalia. Wakenya wamejitoa kwenye mtego huu kwa kutumia "alight", neno la kwenye vibao vya stesheni, na kondakta wa matatu anawaelewa bila shida.

Ipo "get" moja ambayo haivushi mtu popote. "I've got a car." Kwa umbo ni nimepata gari, kwa maana ni nina gari. Wanafunzi huiona kama uchawi. Lakini Mswahili ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kushangaa, kwa kuwa tunafanya hivyo kutwa nzima. Amelala, tunasema, na mtu bado anakoroma. Amevaa shati jeupe. Amesimama mlangoni. Umbo ni la jambo lililokwisha, maana ni ya hali iliyopo. Kuvuka kumepita, kilichobaki ni mtu na ng'ambo yake. "Have got" ni -me- ya Waingereza.

Wamarekani wamezitenganisha vizuri zaidi. Kwao "I've got a visa" ni nina viza, na "I've gotten a visa" ni nimepata viza. Waingereza wa leo wanatumia "got" kote kuwili, na baadhi yao wakisikia "gotten" hukunja uso na kudai ni uharibifu wa Wamarekani. Wafungue Biblia yao ya mwaka 1611, Mwanzo 4:1, wamsikie Hawa amemzaa Kaini: "I have gotten a man from the LORD." Katika Biblia yetu ya Kiswahili ya muungano, Hawa yule yule anasema, "Nimepata mtoto mwanamume kwa Bwana." Walowezi waliovuka bahari karne hiyo waliondoka na "gotten" kwenye mizigo yao, waliobaki Uingereza ndio walioiacha ikafifia, isipokuwa kwenye "forgotten" na kwenye "ill-gotten", ya mali ya haramu.

Kwani neno lenyewe ni la nani? Lililetwa na mabaharia wa Skandinavia, wale Vikingi walioanza kuivamia Uingereza mwishoni mwa karne ya nane na baadaye wakalowea upande wa kaskazini na mashariki. Kwao lilikuwa "geta". Waliacha pia take, they na egg. Wenyeji walikuwa na binamu wa neno hilo, ambaye leo amejificha ndani ya "forget": kusahau, kwa asili yake, ni kuachia ulichokuwa umekishika. Mwaka 1066 wakaja Wanormani na Kifaransa chao, na humo yakapita maneno ya ofisini na ya mahakamani kama obtain, receive na arrive. Hapo ndipo "get" iliposhushwa cheo. Mwalimu wangu wa sekondari alikuwa akiikata kwa kalamu nyekundu kila ilipojitokeza kwenye insha, na kwa barua ya kuomba kazi alikuwa sahihi, "I obtained a diploma" inapendeza. Lakini alitufundisha kuiogopa hata mdomoni. Mwambie rafiki yako "I obtained a soda" uone atakavyokutazama.

Mbili ndogo zinazofanana sura na kupishana roho: "I've got to go to Arusha" na "I get to go to Arusha". Ya kwanza ni lazima niende, na pengine nanung'unika. Ya pili ni nimepata bahati ya kwenda, natabasamu. Hapa kwa mara nyingine pata yetu inakutana na "get" uso kwa uso: nilipata kumwona, upate kujua, jambo ambalo halijapata kutokea. Ukiona "to" baada ya "get" bila "have" wala mtu katikati, jaribu pata-ku kwanza. Mara nyingi inakaa.

Zile "get" zenye vijineno nyuma yake, over, by, through, away, sitazichambua zote, hazimaliziki. Nitasema tu kwamba kijineno kinakuonyesha njia ya kuvukia. Anayesema "get over" ameruka juu ya kitu kilichomzuia, ugonjwa au mpenzi aliyemwacha. "Get by" ni kupita pembeni kwa kujibana, kubangaiza. "Get through" kwenye simu ni kumpata mtu: nilipiga, sikumpata. "Get away with it" ni yule aliyefanya kosa na hakuna lililompata. Na "get along" ni patana, ambapo lugha zote mbili, bila kushauriana, zimechukua kitenzi kile kile. Sisi tumekitia -na, kila mmoja kampata mwenzake.

Yule bosi alirudi kwao zamani. Ujumbe wake bado ninao kichwani, na leo ningemtafsiria hivi: "Mwambie dereva akagongeshe mihuri makaratasi kabla hajafika getini, kisha unijulishe." Pata haimo. Kilichobaki chenye mlio wa "get" ni geti peke yake, na geti ndilo pekee ambalo asubuhi ile nililielewa sawasawa.